Kiingereza cha Adabu

Mtu wa miaka arobaini na mitatu, mwenye ndevu na watoto wanne, hastahili kukalishwa kwenye dawati la watoto akaimba he, she, it. Lakini kampuni ilitaka Kiingereza, na Sosthène alikaa. Dawati lenyewe ni la kwangu, nilipewa siku niliyostaafu badala ya zawadi ya maana, nami nimeliweka barazani. Magoti yake yalikuwa yakigonga ubao kila alipogeuka.

Alikuwa ametoka Butembo, Kongo, na mkewe Yvette na hao watoto, wakapanga vyumba viwili nyuma ya soko la Bwera. Huko kwao alikuwa msimamizi wa ujenzi, amejenga madaraja na kuta za kuzuia milima isimwagikie barabara. Hapa kwetu alikuwa Mkongomani, basi. Kampuni moja iliyopata kazi ya kupanua barabara ya kupanda Bwesumbu ilimchukua kwa sababu hawakuwa na mtu anayejua mawe kama yeye. Wakampa miezi mitatu ya majaribio na sharti moja: ripoti zote kwa Kiingereza, na aziandike mwenyewe. Akishindwa, njia ni ile ile aliyojia.

"Mwalimu," aliniambia siku ya kwanza, "kazi mi najua. Ni kinywa tu njo inakosa."

Mimi ni Loyi. Nimefundisha Kiingereza shule ya msingi miaka thelathini na mmoja, na mpaka leo wako wanaume wenye vitambi hapa Bwera ambao wakiniona wanachomekea mashati. Sijisifu, ndivyo ilivyo. Mimi ni Mkonzo na Sosthène ni Mnande, lugha zetu ni ndugu wa tumbo moja, tunaweza kusengenya watu kutwa nzima bila mkalimani. Ila mambo ya saruji na nondo aliyajua kwa Kifaransa na Kiswahili tu, kwa hiyo darasani tulitumia Kiswahili: yeye chake cha Butembo, mimi changu cha kuokota sokoni na kwa wanajeshi.

Kila Jumamosi alasiri alishuka kutoka kambini kule mlimani, akaja na daftari lake na orodha ya maneno aliyoyasikia kazini. Mimi nilijua Kiingereza na sikujua ujenzi, yeye alijua ujenzi na hakujua Kiingereza, kwa hiyo tulifundishana. Siku moja alileta neno la matundu yale yanayoachwa kwenye ukuta wa mawe ili maji ya nyuma yapate kutoka. Waingereza wanayaita weep holes. Nilipomwambia kwamba weep maana yake ni kulia, alicheka mpaka akapangusa macho.

"Mukuta inalia?"

"Ndiyo. Inalia."

"Eh, bazungu balisema muzuri," akasema, na hapo hakucheka tena. "Mukuta yenye hailie, inavimba. Udongo inakunywa mvua, maji inakosa njia, inaanza kusukuma. Ukiona imevimba, kimbia."

Nilimpenda kwa vile alivyopenda kazi yake. Shida ilikuwa Kiingereza chake. Kilitoka kinywani mwake kikavu kama msumari. Give sand. Sand is bad. You are late. Sikuweza kusema amekosea sarufi, maana sarufi ilikuwa safi, nilimfundisha mwenyewe. Lakini hapa kwetu Uganda mtu hamwambii mkubwa wake mambo hivyo. Kwanza unamuuliza ameamkaje, unampa pole ya kazi ambayo hata hajaianza, ndipo unalizungukia jambo lako polepole kama mtu anayemfukuza kuku. Na tatizo huku haliitwi tatizo. Linaitwa challenge. Shule ikikosa paa, ni challenge. Hospitali ikikosa dawa, ni challenge. Nimekaa kwenye vikao vya wazazi miaka thelathini na mmoja na sijasikia mkubwa hata mmoja akikiri kwamba ana tatizo.

Mwezi wa pili Sosthène alimwandikia injinia wa pale, kijana mmoja anayeitwa Ronnie, ripoti ya mstari mmoja na nusu: saruji yako imezeeka, naikataa. Kwa Kiingereza, vile vile kama nilivyoandika hapa. Ronnie akaisoma mbele ya vibarua, akaikunjakunja, akamrushia kifuani.

"Kwenda kwa hiyo mwalimu yako," akamwambia. "Ambia yeye afundishe wewe manners."

Sosthène alinisimulia akitabasamu kidogo, jambo halikumuumiza sana. Mimi liliniuma. Nilikosa usingizi kwa hasira. Mimi, Loyi, niambiwe sifundishi adabu, na mtoto ambaye mama yake ningeweza kumfundisha! Jumamosi iliyofuata sikugusa habari za matundu wala mawe. Nilimwandikisha kurasa nne za kindly, na humbly, na with due respect. Nikamwambia maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Aliandika yote, kwa mwandiko wake mzuri wa shule za mapadri, bila kuuliza.

Ndipo zikaja mvua za Oktoba.

Wakubwa wa kampuni walikuwa wametangaza kwamba watakuja kutazama kazi. Sosthène alikuwa ametumwa Kasese siku tatu kuchagua mawe, na aliporudi akakuta ukuta wake mkubwa umependezeshwa. Ronnie alikuwa amewaambia mafundi wazibe yale matundu kwa saruji na kuusawazisha uso wote uwe laini, maana matundu yale, eti, yalionekana kama kazi haijaisha. Wakubwa walikuja, wakapiga picha, wakasifu, wakaondoka. Mvua ikabaki. Juu ya hayo, vibarua walikuwa wameshaanza kuchimba mtaro miguuni mwa ukuta ule ule, yaani wanaondoa udongo unaoshikilia miguu ya kitu kinachosukumwa mgongoni. Hata mimi mwalimu wa Kiingereza nilielewa aliponichorea.

Asubuhi mbili mfululizo Sosthène aliwatoa watu mtaroni kwa sauti, kwa Kinande, nao wakatoka, maana Mkonzo hahitaji tafsiri akiambiwa kimbia. Asubuhi ya pili Ronnie akamjia juu.

"Hapa hakuna kuongea ongea, mzee. Leta ripoti. Kama hapana karatasi, hapana kusimamisha kazi."

Basi Jumamosi hiyo alifika barazani kwangu viatu vimejaa matope, hakukaa, akaweka daftari mbele yangu. Alikuwa ameshaandika mwenyewe. Nakumbuka kila neno, na ningependa kusahau. Bwana. Ukuta utaanguka. Maji yako nyuma. Ondoa watu walio chini. Fungua matundu. Kwa Kiingereza yalikuwa maneno kumi na matano hivi, na hakukuwa na kosa hata moja.

Nilichukua kalamu nyekundu.

"Huwezi kumwandikia mtu hivi," nikamwambia. "Huyu alikwisha kukurudishia karatasi. Ukimwandikia ondoa, ondoa, fungua, fungua, atakuondoa wewe. Imebaki wiki ngapi ya majaribio?"

"Tatu."

"Unaona."

Nikakata yote. Juu yake nikamwandikia barua ya watu waliosoma: Kindly be informed that we are facing some challenge with the wall. You are requested to look into it at your earliest convenience. Nikairudia kwa sauti, nikajisikia vizuri. Ilikuwa inateleza. Hakuna injinia duniani ambaye angeitupa barua kama ile.

Sosthène aliisoma akifuata kwa kidole. Akasimama kwenye challenge.

"Hii challenge, ni ile ya mupira? Kwetu tunasema challenge, timu mbili banapigana juu ya kombe."

"Karibu hivyo," nikasema. Sikujua Kifaransa, na nilitaka tumalize, mvua ilikuwa inakaribia.

"Bon. Iko muzuri. Mulima na mukuta beko mu challenge." Akatikisa kichwa, akaridhika. Kwake neno lile lilikuwa vita. "Na hii, earliest?"

"Earliest ni mapema kabisa."

"Ni kusema mbio?"

"Mbio," nikasema.

Hakuuliza habari ya convenience, nami sikuifungua. Nilijua maana yake, nimeifundisha mara mia: ni wakati ule ambao wewe mwenyewe mkubwa umepata nafasi, umeshiba, huna la kufanya. Lakini hiyo ilikuwa njia tu ya kusema, nilijiambia, kila mtu anaijua. Akainakili kwa kalamu ya bluu, akatia saini yake ndefu yenye mkia, akanishukuru, akaondoka na karatasi; daftari akaliacha mezani kwangu.

Jumatatu alinipigia simu mwenyewe. Ronnie alikuwa ameisoma barua na kumpiga begani. Alimwambia sasa anaandika kama injinia. Alisema ataipeleka kwa wakubwa, na kwa kuwa jambo limeshaandikwa, yeye asiwasumbue tena watu, waachwe wafanye kazi mpaka jibu lije. Vibarua walipouliza karatasi inasema nini, akawaambia kwa Kiswahili chake cha kuvunjika kwamba hapana shida kubwa, hata huyu mwenyewe ameandika.

"Umesikia alivyosema, hapana shida kubwa?" nilimuuliza.

"Nilisikia. Iko nadanganya batu," akasema Sosthène. "Lakini barua iko mu njia. Bakubwa bakisoma, batasimamisha ile kazi siku moja tu."

Jamani, nilifurahi. Nitaficha nini sasa? Niliweka simu chini nikaenda kumsimulia jirani yangu kwamba injinia amemsifu mwanafunzi wangu. Jumatano akapiga tena, hakuna jibu, ila barua iko njiani. Alikuwa ameacha kuwatoa watu mtaroni. Mtu aliyeshapiga kengele harudi kuipiga kila saa, anangoja watu waje. Mimi ningeweza kumwambia kwamba kengele ile niliifunga kitambaa. Nilifikiria mara moja, nikiwa naosha vyombo, kisha nikafikiria jambo jingine.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, husema Waswahili. Hawakutuambia tufanye nini na ukuta wenyewe ukizibwa pasipostahili.

Ijumaa saa nne asubuhi, mvua ikiwa imekwisha na jua limetoka, ukuta ukaanguka. Sosthène alikuwa juu barabarani akipokea lori la kokoto. Vibarua watatu walikuwa mtaroni. Wawili walitolewa wamevunjika miguu. Wa tatu alikuwa kijana wa Kinyamaseke aliyeitwa Kule, mwenye miaka ishirini na sita. Walimchimbua mpaka saa nane. Yvette ndiye aliyenipigia simu, akilia, akisema Sosthène anachimba kwa mikono na hataki kuondolewa.

Tulimzika Kule Jumapili, nyumbani kwao Kinyamaseke. Nilikwenda pamoja na Sosthène na Yvette. Vidole vya Sosthène vilikuwa vimefungwa vitambaa. Nilimwambia pole, akaitikia. Sikusema zaidi ya hapo. Nilijiambia nitasema tukifika, kisha nikajiambia nitasema baada ya mazishi.

Watu walikuwa wengi. Kampuni ilileta turubai na viti, na Ronnie alikuja na shati jeupe na miwani ya jua. Mjane wa Kule anaitwa Biira. Alikuwa amekaa chini kwenye mkeka na mtoto mchanga mapajani, na kila mtu aliyekuja kumpa mkono alimtazama usoni kana kwamba huyo ndiye ataeleza. Zilipofika hotuba, baba mdogo wa marehemu, mzee Tefiro, alisimama. Hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu, kwa Lhukonzo, lugha yetu, akimwelekea Ronnie.

"Mlijua, au hamkujua?"

Mtu akamtafsiria. Ronnie akasimama, akavua miwani, akasema kwa Kiingereza kwamba kampuni inaomboleza na haina cha kuficha. Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa. Akasema mtu aliyekuwa na dhamana ya ukuta ni msimamizi wake, na yote aliyoyaandika msimamizi kuhusu ukuta huo ni haya, watu wasomewe wajionee. Kisha akauliza nani anaweza kuisoma kwa lugha ya wenyeji.

Nusu ya umati ule iligeuka kunitazama mimi. Kuna wanafunzi wangu wa zamani mpaka Kinyamaseke.

"Mwalimu Loyi yuko hapa," akasema mwongoza shughuli, akifurahi kwamba tatizo limetatuliwa. "Mwalimu, tusaidie."

Nikasimama. Nilipewa barua yangu mwenyewe mkononi. Mwandiko wa Sosthène, maneno yangu. Nikaisoma kwanza kwa Kiingereza, na sauti yangu ikatoka nzuri, ya darasani. Halafu nikaanza kuitafsiri, na hapo ndipo nilipoiona. Lhukonzo hakina challenge. Nilitafuta neno mbele ya watu wale wote, na lililokuja, kwa kweli ndiyo maana yake, lilikuwa "kijambo kinachotusumbua kidogo." Wala hakina convenience. Nikasema, "tunaomba mtutazamie, mkipata nafasi."

Ndiyo hivyo. Hakuna maji humo. Hakuna watu walio chini. Ni kijambo, na mkipata nafasi.

Watu walinung'unika. Sosthène alikuwa amekaa safu ya tatu. Nimesema lugha zetu ni ndugu wa tumbo moja: hakuhitaji mtu wa kumtafsiria. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusikia alichotia saini. Nilimwona akisikia. Akasimama polepole.

"Sikusema hivyo," akasema kwa Kinande. "Mimi nilisema utaanguka."

Mzee Tefiro akanyoosha mkono kwenye karatasi. "Saini hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Uliandika mwenyewe?"

"Niliandika kwa mkono wangu."

Kisha Sosthène akanigeukia. Hakuninyooshea kidole. Alingoja tu, kama mwanafunzi anayengoja mwalimu athibitishe jibu lake mbele ya darasa. Daftari lake lilikuwa nyumbani kwangu, mezani, na ule ukurasa ulikuwa na sentensi zake nne zilizokatwa kwa wino mwekundu. Nilichotakiwa kufanya ni kufungua mdomo. Mdomo huu huu ambao haujawahi kukosa la kumjibu mtu, uliowasema wakaguzi wa shule na mapadri na wenyeviti.

Niliogopa. Sikumwogopa Ronnie, huyo mimi simhesabu. Niliwaogopa watu wangu. Niliogopa jinsi nyuso zile zingebadilika, moja moja, tangu za mbele mpaka za nyuma, watakapojua ni nani aliyeufunga mdomo wa yule mtu. Nikaikunja barua kwa mistari yake ile ile, nikamrudishia Ronnie, nikakaa.

Ronnie akatangaza kwamba msimamizi amesimamishwa kazi kuanzia siku hiyo. Watu wakapiga makofi machache. Mzee Tefiro akasema Mkongomani atoke msibani kwake kabla vijana hawajakosa subira. Sosthène akatoka, Yvette nyuma yake amebeba viatu mkononi kwa ajili ya matope. Sosthène alipita karibu na kiti changu. Akainama kidogo, kama mtu anayeaga.

"Mwalimu," akasema kwa Kiswahili, taratibu, bila hasira, na afadhali angenitukana, "ulisema earliest ni mbio."

Akaenda zake. Sikumfuata. Nilibaki mpaka udongo ukashindiliwa, mpaka chakula kikaliwa, maana nilikuwa miongoni mwa wageni wa heshima na wageni wa heshima hawaondoki mapema.

Nilipokuwa naaga, Biira aliinuka kwenye mkeka, akampa dada yake mtoto. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akapiga goti kidogo kama wanavyofanya wasichana waliolelewa vizuri. Aliniambia siku mbili hizi alikuwa hapati usingizi kwa kufikiri kwamba pengine wako watu waliojua na wakamwacha Kule ashuke mtaroni. Sasa angalau amesikia kwa masikio yake kwamba hakuna aliyejua isipokuwa yule Mkongomani, ambaye alijua na akaliita kijambo. Akanishukuru sana kwa kusoma vizuri, kwa sauti iliyofika mpaka nyuma.

"Hakuna neno," nikamwambia.